Mtoto wako ana ulemavu na mnaishi Marekani? Anza na karatasi

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, hii nimeandika kwa ajili yenu maana simu ninazopokea zinafanana sana. Mama ana mtoto haongei vizuri, baba ana mtoto hasikii, mwingine wa kwake yuko darasa la tatu na herufi bado zinamchanganya, na ukiuliza shule wamefanya nini unaambiwa "nilishaongea na mwalimu, kasema tusubiri kidogo". Kaongea kweli, tena kwa heshima, mlangoni wakati anamchukua mtoto. Lakini mazungumzo ya mlangoni hayana tarehe wala saini, na miezi sita baadaye mwalimu kahama na hakuna mtu pale ofisini anayekumbuka kwamba uliwahi kuomba kitu. Sheria za huku za watoto wenye ulemavu ni nzuri kwelikweli, nazo zinahesabu siku, ila siku zinahesabiwa kwenye karatasi.

Najua kwa sababu yalinikuta. Kijana wangu alianza shule akiwa na maneno kama kumi hivi, ya Kiswahili na ya Kiingereza yote ukijumlisha, nikaambiwa ni lugha mbili ndio zinamchelewesha, akizoea Kiingereza atakaa sawa. Nikakubali. Sisi tumelelewa kwamba mwalimu akishasema imetosha, mzazi unashukuru unaenda nyumbani. Nikasubiri mwaka mmoja na nusu na huo muda haurudi. Mpaka siku mama mmoja tunayesali naye akaniambia andika barua, weka tarehe, baki na kopi, hapo ndipo mambo yakaanza kutembea. Alichoniambia ndicho nakuambia na wewe, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye.

Sheria zenyewe ni zipi

Kubwa kuliko zote inaitwa IDEA. Ilipitishwa mwaka 1975 ikiwa na jina lingine, jina la IDEA ikalipata 1990, marekebisho makubwa ya mwisho ni ya 2004. Kabla yake shule za Marekani zilikuwa zinafundisha mtoto mmoja tu kati ya watano wenye ulemavu, na majimbo mengi yalikuwa na sheria kabisa za kuwafungia mlango viziwi, vipofu na wenye ulemavu wa akili. Kilichobadilisha ni wazazi kwenda mahakamani, Pennsylvania na Washington, DC, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakashinda. Kwa hiyo ukiingia pale ofisini usijione kama mtu aliyekwenda kuomba fadhila, hicho kitu kilishapiganiwa na wazazi kama wewe.

IDEA inasema mtoto mwenye ulemavu kuanzia miaka 3 mpaka 21 apewe elimu maalumu ya bure inayomfaa, pamoja na huduma za kumsaidia asome, mfano mtaalamu wa usemi, mtaalamu wa viungo, basi la kumpeleka shule, na akae na watoto wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyowezekana. Yaani kumtenga kwenye darasa lake peke yake ni jambo ambalo shule inatakiwa ilitetee kwa sababu, haliji lenyewe tu.

Ya pili wanaiita 504, ni kifungu cha sheria ya mwaka 1973 kinachokataza kumbagua mwenye ulemavu mahali popote panapopokea pesa ya serikali kuu. Hii inamsaidia mtoto ambaye pengine hahitaji kufundishwa kwa namna maalumu lakini anahitaji kurekebishiwa mazingira, mfano ana kisukari, ana kifafa, anatumia kiti cha magurudumu, anahitaji muda wa ziada kwenye mtihani. Ya tatu ni ADA ya 1990, hiyo inaenda mpaka nje ya shule, madukani, hospitali, kwenye mabasi. Ukikaa na hizo tatu kichwani inatosha kuanzia.

Swali ambalo watu wananiuliza kwa sauti ya chini: makaratasi yangu ya uhamiaji hayajakaa sawa, naweza kuomba? Ndiyo. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler, kwamba shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, na IDEA haina sharti la uraia. Pesa ya SSI, ile ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo, na bima ya afya ya Medicaid ni mambo mengine, hayo yana masharti ya kipato na ya aina ya makaratasi, kabla hujajaza fomu muulize mwanasheria wa msaada wa bure.

Mtoto chini ya miaka mitatu

Huyu haendi kupitia shule. Kila jimbo lina ofisi ya huduma za mapema za watoto, huhitaji barua ya daktari, mzazi mwenyewe unapiga simu unasema nina wasiwasi na mtoto wangu. Kuanzia siku hiyo wana siku 45 kumpima na kukaa na wewe mpange huduma, na wataalamu mara nyingi wanakuja nyumbani. Mpango wake unaitwa IFSP. Akikaribia miaka mitatu lazima kuwe na kikao cha kumhamishia upande wa shule, si chini ya siku 90 kabla ya siku yake ya kuzaliwa, sasa hiyo tarehe iandike ukutani kabisa maana watoto wengi wanapotelea hapohapo katikati, huduma za nyumbani zimekwisha na za shule hazijaanza.

Barua

Kwa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea, andika barua au imeili. Mimi napenda imeili kwa sababu tarehe inajiandika yenyewe. Itume kwa mkuu wa shule na pia kwa ofisi ya elimu maalumu ya distrikti, yaani wanaosimamia shule za eneo lenu, isiende kwa mwalimu peke yake. Kiingereza kikiwa kigumu andika kwa Kiswahili, wao watatafuta wa kutafsiri. Iwe fupi, kitu kama hiki:

"Mimi ni mzazi wa fulani, amezaliwa tarehe fulani, yuko darasa fulani shuleni kwenu. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya IDEA, na muangalie pia kama anastahili 504. Wasiwasi wangu ni kwamba ana miaka sita na nyumbani kwa Kiswahili hawezi kuunganisha maneno matatu, hafuati maelekezo ya hatua mbili, na wadogo zake wameshampita. Naomba mnitumie fomu ya idhini niisaini. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili kwenye vikao vyote. Naomba jibu kwa maandishi."

Hapo pa "nyumbani kwa Kiswahili" usipaache. Ndipo panapojibu ile hoja ya lugha mbili. Mtoto ambaye shida yake ni Kiingereza tu, Kiswahili chake kinakwenda vizuri, anabishana na dada zake, anatunga uongo, anasimulia. Mtoto ambaye hata lugha ya nyumbani inamshinda, huyo ana kitu kingine, na wa kulijua hilo ni wewe, shuleni hakuna anayemsikia akiongea Kiswahili.

Barua ikifika shule ina njia mbili. Ikikubali inakupa fomu ya idhini. Ikikataa lazima ikupe notisi ya maandishi inayoeleza wamekataa nini na kwa sababu gani, kwa kifupi inaitwa PWN, na nakuomba hizo herufi tatu uzishike maana zitakusaidia miaka yote. Wakisema kwa mdomo "ngoja kwanza tumpe msaada wa kusoma tuone baada ya miezi", wajibu kwa imeili kwamba msaada mnaweza kuendelea kumpa huku tathmini inafanyika. Wizara ya elimu ya Marekani iliwaandikia majimbo mwaka 2011 kwamba programu za namna hiyo zisitumike kuchelewesha tathmini.

Na hapa wengi wanakosea hesabu. Zile siku 60 za sheria ya taifa za kumaliza tathmini hazianzi siku uliyotuma barua, zinaanza siku shule imepokea idhini yako yenye saini, na majimbo mengine yamejiwekea idadi yao ya siku. Kwa hiyo fomu ikikaa mezani kwako wiki mbili ni wiki mbili za mtoto. Ielewe, saini, piga picha, rudisha.

Siku ya kumpima

Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha na njia itakayoonyesha anachojua kweli, na wasitumie kipimo kimoja peke yake kuamua. Inasema pia mtoto asihesabiwe ana ulemavu kama sababu kuu ni kutojua Kiingereza au kwamba hakuwahi kufundishwa vizuri kusoma na hesabu. Hii inawagusa sana watoto waliokulia kambini ambako shule ilikuwa ya kubahatisha, na inawalinda, ila wakati mwingine inatumiwa kuwachelewesha. Ndiyo maana historia ya mtoto uitoe yote. Alizaliwa vipi, alilia mara moja au alichelewa kulia, aliwahi kupata degedege, malaria ya kupanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, alikaa lini, alitembea lini, masikio yaliwahi kutoa usaha. Haya mambo tunayaona ni ya zamani au tunaona aibu kuyasema mbele ya wageni, na kuna familia bado zinaona ni mkosi wa kufichwa. Yaseme. Mwanasaikolojia wa shule hawezi kuandika asichoambiwa.

Ukipata ripoti ukaona haifanani na mtoto wako, una haki ya kuomba tathmini ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya distrikti. Andika tu kwamba hukubaliani na tathmini yao na unaomba ya kujitegemea, kwa kifupi IEE. Hapo wanatakiwa walipe, au wao wenyewe wafungue shauri kuthibitisha kwamba yao ilikuwa sahihi, hawaruhusiwi kukaa kimya.

Mkalimani

Kikao changu cha kwanza aliyetafsiri ni binti yangu wa miaka kumi na moja. Alitolewa darasani akakaa katikati yetu, akawa anatafsiri maneno mazito kuhusu akili ya kaka yake, mengine akayaruka kwa sababu hakutaka niumie. Mpaka leo nikikumbuka uso wake najisikia vibaya. Usikubali hilo. Kanuni za IDEA zinataka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachoendelea kwenye kikao ikiwa ni pamoja na kumletea mkalimani, bure, na notisi za haki zako na za maamuzi zije kwa lugha unayoielewa isipokuwa kama haiwezekani kabisa. Mpango wa maandishi wa malengo na huduma za mtoto, unaoitwa IEP, sheria ya IDEA haijataja wazi kwamba utafsiriwe, lakini omba kwa maandishi, sheria ya haki za kiraia ya 1964 iko upande wako.

Na taja Kiswahili gani. Cha Bukavu na cha Mombasa si kimoja, kuna watu wameletewa mkalimani wa kwenye simu wakaishia kuitikia tu bila kuelewa. Kama lugha unayoielewa hasa ni Kibembe au Kinyarwanda sema hiyo. Kikao kikiwa hakieleweki una haki ya kusema tusimame, tupange siku nyingine mkalimani akiwepo.

Kikao cha IEP

Mtoto akikubaliwa, ndani ya siku 30 lazima mkae kuandika IEP. Mezani watakuwepo mwalimu wa darasa la kawaida, mwalimu wa elimu maalumu, mtu wa distrikti mwenye mamlaka ya kutoa huduma, na mtu wa kueleza matokeo ya vipimo. Na wewe. Wewe si mgeni pale, sheria inakuhesabu kama mmoja wa timu na unaweza kuja na mtu wako anayemjua mtoto, shangazi, jirani, mchungaji, yeyote. Mimi siendi peke yangu tena. Mwenzio anaandika wakati wewe unasikiliza.

Angalia malengo kuliko kitu kingine chochote. Lengo la "ataboresha kusoma" halina maana, litaandikwa hivyo hivyo mwaka kesho. Lengo liseme sasa anasoma maneno 20 kwa dakika kwenye kitabu cha darasa la pili, na kufikia Mei asome 60, nani atampima na mara ngapi. Huduma nazo ziandikwe kwa dakika, mfano mtaalamu wa usemi dakika 30 mara mbili kwa wiki, maana kikiandikwa "kadiri itakavyohitajika" utakuja kudai nini? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, kesi ya Endrew F. kutoka Colorado, majaji wote walikubaliana kwamba mtoto anatakiwa kupangiwa maendeleo yanayolingana na hali yake, maendeleo kidogo tu ya kusema tumefanya hayatoshi. Wakikwambia "tumempa kitu", kumbuka hiyo kesi.

Usisaini siku hiyohiyo kama hujaelewa. Sema naipeleka nyumbani niisome. Saini yako ya kwanza ndiyo inafungua huduma kwa hiyo usikae nayo muda mrefu mno, lakini siku chache hazidhuru. Baada ya hapo, kwenye majimbo mengi mabadiliko yanaweza kupita hata bila saini yako, kwa hiyo usipokubali kitu andika haraka kwamba hukubali, kunyamaza kwako watakuhesabia umekubali. Kikao cha kupitia IEP ni angalau mara moja kila mwaka, tathmini mpya angalau kila miaka mitatu, na wewe unaweza kuomba kikao muda wowote katikati.

Wakikupigia simu uje umchukue

Hii inauma na watu hawaijui. Mtoto amepiga kelele, amemsukuma mwenzake, simu inakuja "njoo umchukue leo", wiki ijayo tena. Kila mara andika tarehe na saa, kisha tuma imeili: leo nimeitwa kumchukua saa fulani, naomba mniandikie sababu. Shule ikimwondoa zaidi ya siku 10 za masomo kwa sababu ya tabia na kukawa kama kumbadilishia mahali pa kusoma, lazima wakae na wewe ndani ya siku 10 za masomo waangalie kama kitendo kilitokana na ulemavu wake au na wao kutotekeleza IEP. Kama ndivyo, anarudi darasani na wanatakiwa wampangie namna ya kumsaidia kitabia. Kesi za silaha, dawa za kulevya na kuumiza mtu vibaya zina utaratibu wake, hapo anaweza kuhamishwa mpaka siku 45 za masomo. Zile siku za kuitwa kimya kimya nazo zinaweza kuhesabika, ila uwe umeziandika.

Mkishindwana

Kuna usuluhishi, ni wa hiari na ni bure. Kuna malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo, unaandika kilichovunjwa ndani ya mwaka mmoja tangu kitokee na jimbo lina siku 60 kutoa uamuzi, huhitaji mwanasheria, na kwa maoni yangu ndiyo njia nzuri zaidi kwa mzazi wa kawaida hasa pale ambapo IEP inasema dakika 60 na mtoto anapata 20. Halafu kuna shauri lenyewe mbele ya afisa wa kusikiliza, muda wa kawaida wa kulifungua ni miaka miwili, na hapo tafuta mwanasheria. Shauri likiwa linaendelea mtoto anabaki alipo na huduma zake zilezile, hawamhamishi mpaka liishe. Kwa ubaguzi kuna ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu, unalalamika ndani ya siku 180 tangu kitendo kitokee.

Kabla ya yote hayo tafuta kituo cha wazazi cha jimbo lako, kwa kifupi PTI. Kila jimbo lina angalau kimoja, kinalipiwa na pesa ya IDEA yenyewe, mzazi halipi, na wanaweza kukusaidia kusoma karatasi na kukuandaa kwa kikao. Ukipiga simu anza kwa kusema "Swahili interpreter" halafu subiri.

Mtoto mkubwa

IEP itakayokuwa inatumika akifikisha miaka 16 lazima iwe na mipango ya maisha baada ya shule, majimbo mengine yanaanza 14. Akifika 18 kwenye majimbo mengi haki zote za karatasi zinahamia kwake, shule inatakiwa iwaambie mwaka mmoja kabla, na kama hataweza kujiamulia ulizeni mapema njia zilizopo.

Kuna kijana kiziwi aliyekuja Marekani kutoka Mexico akiwa na miaka 9, Miguel Perez, akaingia shule huko Sturgis, Michigan. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu na ikaamuliwa 2023. Familia ilieleza kwamba miaka yote alipewa wasaidizi wasiojua lugha ya alama ipasavyo, ripoti zikawa zinarudi nyumbani na maksi nzuri, na miezi michache kabla ya kumaliza ndipo wakaambiwa hatapata diploma, yaani cheti cha kuhitimu sekondari cha huku. Majaji wote walikubali kwamba anaweza kudai fidia chini ya ADA. Mimi nilivyosoma hiyo nilifungua droo nikatoa ripoti zote za kijana wangu nikaanza upya kuzisoma, nikilinganisha maksi na kile ninachokiona akifungua kitabu mezani. Basi kwenye kikao kinachofuata, hata kama wako yuko darasa la nne, uliza hili na uombe jibu liandikwe: mwanangu yuko kwenye njia ya diploma ya kawaida, au ya cheti cha kumaliza tu?